Mnyama mweupe si lazima awe albino: tazama macho kwanza (uzi wa twiga weupe, chui weusi na rangi adimu porini)

Nyayo za Tarangire:

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita kwenye kundi letu la madereva wa watalii ilizunguka tena ile picha ya twiga mweupe wa Tarangire. Wengi mmeiona: twiga mtoto, mwili kama maziwa, manyoya ya shingoni yamebaki na rangi ya kutu, na pembeni yake wenzake wa kawaida. Chini ya picha mmoja akaandika "albino". Mwingine akaandika "mkia wa huyo ni mtaji". Hilo la pili nimelala nalo na kuamka nalo. Badala ya kugombana kule, nimeona niandike hapa ninachokijua baada ya miaka 14 ya kuendesha wageni mbuga za kaskazini, na wenye kujua zaidi waongeze.

Twiga yule aliitwa Omo. Ndiyo, jina la sabuni ya unga. Alipewa na mwongozaji wa watalii wa hukohuko. Watafiti wa Wild Nature Institute, ambao huwatambua twiga mmoja mmoja kwa mabaka yao, walimwona akiwa mchanga, wakamwona tena Januari 2016 akiwa na miezi 15. Kwa anayewajua twiga, miezi 15 ni habari kubwa. Mwaka wa kwanza ndio simba, chui na fisi wanaowamaliza watoto wa twiga. Omo aliuvuka, na kila alipoonekana alikuwa katikati ya kundi kubwa, hakuna anayemkwepa wala kumfukuza.

Sasa, Omo hakuwa albino. Ikuze picha utazame macho yake: ni meusi, kama ya twiga yeyote.

Rangi nyeusi na ya kahawia kwenye ngozi, manyoya na macho inatokana na melanini, na melanini hupikwa na seli zake maalumu. Mnyama mwenye ualbino anazo seli hizo, zimekaa mahali pake, ila upishi umekatika. Mara nyingi kinachokosekana ni kimeng'enya cha kuanzisha kazi, tairosinesi. Jiko lipo, moto haupo. Kwa hiyo rangi inakosekana kila mahali, mpaka ndani ya jicho, na jicho linaonekana jekundu au la buluu iliyofifia kwa sababu unaona damu na mwanga ukirudi kutoka ndani.

Kwa Omo hali ni nyingine, inaitwa lusizimu. Kiumbe akiwa bado tumboni, seli za rangi huanzia mgongoni, kandokando ya kile kitakachokuwa uti wa mgongo, kisha husafiri kushuka mbavuni, miguuni, kichwani. Kwenye lusizimu safari hiyo inakwama, seli hazifiki kwenye ngozi au zinafika chache. Lakini rangi ya ndani ya jicho haingoji msafara huo. Hutengenezwa na tishu inayochipuka kutoka kwenye ubongo wenyewe na kuwa jicho. Ndiyo maana mwili unakuwa mweupe na macho yanabaki meusi.

Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Melanini ndani ya jicho hukinga mwanga na husaidia jicho na mishipa yake kujijenga sawasawa kabla ya kuzaliwa. Mnyama mwenye ualbino huumizwa na jua na haoni vizuri kwa mbali. Swala asiyeona mbali hana siku nyingi. Omo alikuwa anaona simba kama wenzake wanavyomwona, tena kutoka juu kule.

Watafiti haohao wamewahi kuona kuro, nyati na mbuni wenye lusizimu Tarangire. Kwa hiyo siku mgeni wako akipiga kelele "albino!", mpe darubini kwanza, halafu mwambie atazame macho.

Kijana wa Mto wa Mbu:

Naweka kambi hapa mkuu. Swali dogo: ina maana jicho likiwa jekundu ni albino, likiwa na rangi si albino, kwisha?

Nyayo za Tarangire:

Kwa kazi yetu ya barabarani inatosha, lakini ina mipaka yake. Chukua simba weupe wa Timbavati, Afrika Kusini. Macho yao yana rangi, ya dhahabu au buluu, na pua ina rangi. Kila mtu alisema huo si ualbino. Mwaka 2013 wanasayansi walipofungua jeni zao wakakuta hitilafu iko kwenye jeni ileile ya tairosinesi. Kimeng'enya kipo ila kinafanya kazi kwa unyonge. Moto upo, lakini ni wa makaa yanayozimika. Kwa hiyo jicho linakupa jibu la haraka, na jeni ndiyo inayokata shauri.

Halafu simba hao wanaishi na kuwinda. Tulikuwa tunaambiwa simba mweupe hawezi kujificha akala. Simba huwinda sana usiku, na huwinda kwa kushirikiana.

Mwana wa Tana:

Ndugu yangu wa Arusha, umenigusa kwa hiyo habari ya mkia. Mimi ni wa upande wa Garissa, Kenya. Yaliyotokea kwetu nadhani wengi hapa mliyasikia kwa juu juu tu.

Kule Ishaqbini, hifadhi ya jamii iliyoanzishwa hasa kwa ajili ya hirola, swala adimu wa kwetu, kulikuwa na twiga jike mweupe kabisa. Huyu si wa jamii ya twiga wenu wa Kimasai mwenye mabaka yaliyochanika kama majani ya mzabibu. Wetu ni wale wa mistari iliyonyooka kama wavu. Mwaka 2017 wanakijiji waliwaambia askari wa hifadhi kwamba wamemwona na mtoto, video ikatoka, dunia nzima ikaiona. Macho yake yalikuwa meusi, sawa na ulivyoeleza.

Jike yule aliishi na simba na fisi wa kule miaka yote hiyo na akazaa. Machi 2020 hifadhi ikatangaza kwamba yeye na mtoto wake wa miezi 7 wameuawa na majangili wenye silaha. Kilichokutwa ni mifupa yao tu. Meneja wa hifadhi, Mohammed Ahmednoor, ndiye aliyeitoa habari ile, akasema jamii yao ndiyo pekee duniani iliyokuwa na jukumu la kuwalinda twiga hao.

Akabaki dume mmoja, mtoto wake wa kabla. Novemba mwaka huohuo wakamfunga kifaa cha GPS kwenye pembe moja, kilichokuwa kikituma mahali alipo kila saa ili askari wamfuate.

Mimi ni mtoto wa wafugaji. Nimekulia kwenye ardhi ambayo twiga na ngamia wanakula mti mmoja. Marehemu nyanya yangu alikuwa akiona twiga anasema mvua haiko mbali. Habari ile ilipofika nilikuwa Nairobi kazini, nikatoka nje nikasimama tu. Jamii ilikuwa imemtunza. Aliyekuja na bunduki alikuwa amemsikia pia, kama sisi sote tulivyomsikia.

Kijana wa Mto wa Mbu:

Pole sana kaka. Hiyo ya mifupa sikuijua kabisa. Nilidhani bado yupo, maana video yake bado inazunguka mpaka leo.

Pwani Shwari:

Inasikitisha lakini tuseme ukweli, hata wanyama wenyewe huwa hawataki zeruzeru. Nilisoma kuna sokwe wa Uganda walimuua mtoto wao aliyezaliwa mweupe. Kwa hiyo hiyo chuki ni ya asili, imo ndani ya viumbe wote.

Nyayo za Tarangire:

Mkuu Pwani Shwari, hapo simama kidogo, kwa sababu maneno hayo yana watu wanayoyatumia vibaya. Habari yenyewe ni ya kweli. Acha niieleze yote.

Ni msitu wa Budongo, magharibi ya Uganda, kundi la sokwe linaloitwa Sonso ambalo limefuatiliwa na watafiti kwa miongo. Julai 2018 walimwona jike ana mtoto mchanga mwenye ualbino, wa wiki mbili tatu hivi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa watafiti kumwona wa namna hiyo akiwa hai porini. Sokwe wengine walipomwona walipiga milio ya tahadhari, ile wanayoitoa wakikutana na kitu cha hatari kama nyoka au mtu wasiyemjua. Wengine walitulia wakamtazama. Siku chache baadaye wakubwa wa kundi wakamuua.

Watu wengi huishia hapo. Lakini mtoto yule alipokwisha kufa, sokwe walikaa naye muda mrefu. Walimnusa, walimpapasa manyoya ya mgongoni, mmoja baada ya mwingine, pamoja na ambao hawakushiriki kumuua. Watafiti waliandika kwamba namna ile ya kumchunguza si ya kawaida. Na waliandika jambo jingine muhimu kuliko yote: kundi la Sonso limewahi kuua watoto wachanga wenye rangi ya kawaida kabisa. Kuua vitoto kunatokea kwa sokwe. Kwa hiyo huwezi kusema kwa uhakika kwamba rangi ndiyo iliyomuua. Waliochapisha utafiti huo mwaka 2021 hawakusema hivyo.

Na weka pembeni yake Omo. Kundi lake halikumtenga. Twiga jike wa Garissa alipata dume na akazaa zaidi ya mara moja. Kwa hiyo hilo la "chuki ya asili katika viumbe wote" halisimami.

Tena hata kama sokwe wangeua kwa rangi, sokwe si mwalimu wetu.

Mama Baraka:

Samahani kwa kuingilia, mimi si mtu wa mbugani. Nimeletwa na kichwa cha uzi. Mwanangu wa pili ana ualbino.

Kwanza, kwa ndugu Pwani Shwari, bila ugomvi: lile neno ulilotumia, sisi nyumbani hatulitumii. Mtoto wangu ameitwa hivyo njiani kwa kuzomewa, pamoja na mengine ya "dili". Tunasema mtu mwenye ualbino. Nakuomba nawe useme hivyo.

Pili, hayo uliyoyaandika juu ya macho, baba, nimeyasoma mara tatu. Kila mtu anayemwona mwanangu anaona ngozi. Kofia tunayo, mikono mirefu anavaa, mafuta ya kuzuia jua yale yanayotengenezwa hospitali ya KCMC Moshi tunayapata. Lakini kilichomtesa zaidi ni macho. Darasa la kwanza na la pili mwalimu wake alisema ni mvivu, hanakili ubaoni. Alikuwa haoni ubao. Alikaa dawati la nyuma miaka miwili. Alipohamishiwa mbele na kuruhusiwa kusogea mpaka ubaoni, mtihani uliofuata alikuwa wa sita katika watoto 71. Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba ngozi na jicho ni jambo moja. Laiti ningelijua mapema.

Pwani Shwari:

Mama Baraka, nisamehe. Neno lile nimelikuta tangu utotoni nikalichukua bila kulipima. Sitalirudia. Na mwanao hongera, wa sita kati ya 71 si mchezo.

Nyayo za Tarangire:

Asante mama. Umeeleza kilicho muhimu kuliko mimi. Mwambie mwanao amesalimiwa na madereva wa kaskazini. Siku mkifika Arusha mniandikie humu, nitawapeleka Tarangire kwa gari langu, naye atakaa kiti cha mbele na darubini yake mwenyewe.

Daktari wa Mifugo Singida:

Niongeze kwa upande wa urithi, kwa kuwa naona swali linakuja. Ualbino wa wanyama kwa kawaida hufuata njia iliyofichika. Baba anabeba nakala moja yenye hitilafu na nyingine nzima, mama vivyo hivyo, wote wawili wana rangi ya kawaida. Kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kutoa mtoto mwenye ualbino. Nakala hiyo inaweza kutembea vizazi vingi kimya.

Hapo ndipo kuzaana ndugu kwa ndugu kunapoingia. Ndugu wana uwezekano mkubwa wa kubeba nakala ileile. Gorila mweupe aliyekamatwa Guinea ya Ikweta mwaka 1966 na kuishi bustani ya wanyama ya Barcelona, yule aliyeitwa Copito de Nieve, alikufa 2003 kwa saratani ya ngozi. Baada ya miaka 10 wanasayansi wakasoma jeni zake: hitilafu iko kwenye jeni iitwayo SLC45A2, na dalili zinaonyesha wazazi wake walikuwa ndugu wa karibu, pengine mjomba na mpwa.

Chuimilia weupe wa bustani za wanyama ni kisa kibaya zaidi. Mwaka 1951 huko Rewa, India, alikamatwa mtoto dume mweupe akaitwa Mohan. Ili wapate weupe wengine walimpandisha kwa binti yake mwenyewe. Ukoo wa wengi mnaowaona kwenye picha unarudi kwa Mohan. Makengeza ya wengi wao yanatokana na jeni yenyewe ya weupe, na kuzaana ndugu kumewaongezea maradhi mengine. Kwa mfugaji hapa Singida nikimwambia ampandishe dume kwa bintiye atanifukuza bomani. Wale walifanya kwa sababu watu walilipa kiingilio.

Kijana wa Mto wa Mbu:

Na weusi je? Kuna mtu aliniambia chui mweusi ni mnyama tofauti na chui.

Nyayo za Tarangire:

Hapana, ni chui yuleyule. Kwake melanini imezidi, inaitwa melanizimu. Ukimpata kwenye jua la asubuhi utaona madoa yake yote yapo, meusi juu ya weusi. Kwa chui rangi hiyo pia ni ya kurithi kwa kujificha, kwa hiyo mama mwenye madoa anaweza kuzaa mweusi. Duniani ni kama 11 katika kila 100, lakini hawajasambaa sawa: wengi mno wako kwenye misitu minene ya Asia ya kusini-mashariki, na rasi ya Malaya karibu wote ni weusi. Huku kwetu ni adimu.

Laikipia wapo. Mwaka 2019 watafiti walitoa picha za jike mweusi kutoka hifadhi ya Loisaba, na mpiga picha Will Burrard-Lucas akatoa zake za usiku zilizotikisa dunia. Vyombo vikaandika "wa kwanza Afrika baada ya miaka 100". Ukweli ni kwamba alikuwa wa kwanza kuthibitishwa kisayansi baada ya yule wa Ethiopia wa mwaka 1909. Wenyeji wa Laikipia hawakuhitaji tangazo. Hapo huwa naumia kidogo, maana mchungaji akiona kitu miaka 20 hakihesabiki mpaka kamera ifike.

Mondo weusi nao wapo, hasa nyanda za juu zenye baridi kama Aberdare.

Na kuna Tira, mtoto wa punda milia wa Maasai Mara, Septemba 2019. Badala ya milia alikuwa mweusi wa kahawia mwenye vidoa vyeupe, kama ndege kanga. Jina ni la mwongozaji aliyemwona kwanza, Antony Tira. Yeye si albino wala si mwenye melanizimu ya kawaida. Seli za rangi zipo na zinafanya kazi, mpangilio wa milia ndio uliovurugika. Wasiwasi wa wataalamu ulikuwa nzi. Utafiti uliotoka mwaka huohuo uliwatazama farasi na punda milia: nzi wafyonza damu waliwakaribia wote sawa, lakini kwa punda milia walishindwa kutua. Farasi waliovishwa koti la milia nao wakatuliwa kidogo. Sasa asiye na milia yuko wazi kwa nzi, na nzi wanaleta maradhi. Madereva wenzangu wa Mara walikuwa wakimfukuzia kwa magari mengi kwa wakati mmoja. Mtoto wa wiki moja, mama yake hapati nafasi ya kumnyonyesha. Hilo nalo tuliseme.

Mwana wa Tana:

Umesema kweli. Mimi ningeongeza mahali. Mtu anapiga picha kwa simu, anaituma, hajui kwamba simu imeandika ndani ya picha yenyewe mahali aliposimama. Au anaandika kwa furaha: geti fulani, barabara fulani, mti fulani. Kifaa cha dume wetu kilituma mahali kwa askari pekee. Sisi tunawatumia wote.

Nyayo za Tarangire:

Kwenye gari langu sasa ni sharti. Kabla hatujamkaribia mnyama wa namna hiyo, wageni wanazima kipengele cha mahali kwenye simu zao. Wengine hununa, nawaeleza habari ya Ishaqbini, hawanuni tena. Na kwenye redio siwaiti wenzangu wote. Nilipoanza kazi nilikuwa naita, nikitaka sifa. Niliacha Machi 2020.

Mkulima wa Alizeti:

Habari za humu. Nimesoma uzi wote tangu jana. Sasa niulize. Shambani kwangu huku [jina la kijiji limefutwa na mwandishi] upande wa vichaka kuna digidigi mweupe. Nimemwona mara nne tangu mvua ziishe, jioni, yuko na mwenzake wa kawaida. Sikupiga picha. Vijana wangu wanasema ni wa mizimu, wengine wanasema tumkamate tumuuze.

Nyayo za Tarangire:

Macho yake?

Mkulima wa Alizeti:

Leo nimekwenda makusudi. Nimekaa chini ya mkwaju kuanzia saa 11 jioni. Ametokea akaja kunywa kwenye kidimbwi, kama hatua 30 hivi. Macho ni meusi, makubwa. Ile alama nyeusi ya chini ya jicho nayo ipo. Nilipojikuna tu mguu alinyanyua kichwa akaniona moja kwa moja, akapiga ule mluzi wa puani, wakatokomea wote wawili.

Nyayo za Tarangire:

Basi anaona vizuri, na ana mwenza. Hao digidigi huishi wawiliwawili na hawahami, eneo lao ni lilelile miaka yote, mpaka mbolea yao wanaiweka mahali pamoja. Atakuwa hapo kesho na keshokutwa, na yeyote anayemtaka atamkuta. Nimeona jina la kijiji umelifuta, umefanya vizuri. Nimewaandikia wasimamizi walitoe pia kwenye nukuu ya Kijana wa Mto wa Mbu, maana alikuwa amekunukuu kabla hujafuta. Vijana waambie kumkamata mnyamapori bila kibali ni kosa la jela, hilo watalielewa upesi. Ofisi ya wanyamapori ya wilaya ukitaka kuwajulisha, nenda mwenyewe kwa miguu, usitume ujumbe kwenye kundi lolote.

Kijana wa Mto wa Mbu:

Nimeshaifuta nukuu yangu wakuu. Samahani.

Mkulima wa Alizeti:

Sawa. Vijana nimeongea nao usiku huu. Ile sehemu ya vichaka nilikuwa niifyeke mwezi wa tisa nipande alizeti. Nimeamua nitaiacha.